Nililala Huay Xai, mpakani mwa Laos na Thailand. Asubuhi mto umepanda ngazi tatu na mvua haikunyesha. Nani anajua sababu?

#1 Mwana wa Ujiji

Wakuu, salaam.

Februari mwaka huu nilikuwa natoka Chiang Mai, Thailand, kwenda Luang Prabang, Laos. Wasafiri wengi wa begi mgongoni hupita njia hii: basi hadi Chiang Rai, basi jingine hadi Chiang Khong, unagongewa muhuri wa kutoka Thailand, unavushwa na basi dogo juu ya daraja la Mekong, unaingia Laos. Hapo unalala mji unaoitwa Huay Xai, na kesho yake mnamo saa tano na nusu asubuhi boti la mbao linaondoka kwenda Luang Prabang, safari ya siku mbili.

Huay Xai ni kama barabara moja ndefu iliyobanwa kati ya kilima na mto. Nilifika jua linazama. Gesti yangu ilikuwa na kibaraza kinachotazama maji, na taa za Chiang Khong ng'ambo ziko karibu hivi kwamba mbwa wa Thailand wakibweka unawasikia ukiwa Laos.

Kabla ya kula niliteremka kwenye gati la zamani la kivuko nikakaa kwenye ngazi za zege. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kutazama maji ni mazoea. Kuna pete ya chuma ya kufungia kamba, na maji yalikuwa yameishia ngazi moja chini yake. Mtumbwi mmoja ulikuwa umelala nusu mchangani. Asubuhi saa kumi na mbili nimerudi, pete haionekani. Maji yamepanda ngazi tatu, mtumbwi unaelea, na mama mmoja anang'oa vitunguu vyake mbiombio kwenye bustani ya ukingoni kwa sababu matuta ya chini yameshazama.

Nililala kwenye chumba chenye paa la bati. Kama mvua ingenyesha ningeisikia.

Nikauliza watu watatu, nikapata majibu matatu. Mama mwenye gesti, kwa programu ya kutafsiri ya kwenye simu: "China wamefungua maji." Nahodha wa boti akasema mvua ya huko juu. Mzee aliyekuwa anashona wavu akaonyesha mto akamtaja Naga, joka la majini ambalo watu wa Mekong wanaliheshimu sana. Tangu siku ile jambo hili halijanitoka. Wanaojua mito, wanaojua mabwawa, waliowahi kulala pale, nisaidieni.

#2 Bi Mkwaja

Mwana wa Ujiji, pole na safari. Mbona hiyo ni kujaa na kupwa tu? Kwetu Pangani mto unapanda na kushuka kila siku na hakuna anayeshangaa. Umelala maji yamepwa, umeamka yamejaa.

#3 Fundi Maji

Bi Mkwaja, kwa Pangani uko sahihi kabisa kwa sababu bahari iko mlangoni. Huay Xai iko zaidi ya kilomita 2,200 kutoka baharini ukifuata mto. Kujaa na kupwa kwa bahari kunasikika kwenye delta kule Vietnam, na wakati wa kiangazi kunafika hadi Phnom Penh, Kambodia. Hapo ndipo mwisho. Zaidi ya hapo mto una maporomoko makubwa ya Khone mpakani mwa Laos na Kambodia, bahari haipandi pale.

Mimi nimefanya kazi ya kupima mito miaka mingi na jibu langu ni la mama mwenye gesti. Juu ya hapo, China, mto unaitwa Lancang na una mabwawa makubwa zaidi ya kumi kwenye mkondo mkuu. La mwisho kabla ya kutoka China ni Jinghong. Umeme unauzwa kwa saa: watu wakirudi nyumbani jioni mitambo inafunguliwa, usiku wa manane inapunguzwa. Kila ikifunguliwa, wimbi la maji linateremka. Halipigi kelele, mto unavimba tu. Kiangazi ndipo unaliona vizuri kwa sababu hakuna maji mengine ya kulificha.

#4 Kijana wa Kariakoo

Mleta uzi umepanda ndege mpaka huko ukaenda kuhesabu ngazi? 😀 Haya, tupe vitu: viza umepataje, na chumba bei gani?

#5 Mwana wa Ujiji

@Kijana wa Kariakoo viza ya Thailand niliomba mtandaoni kabla ya kuondoka. Ya Laos nilichukua ubalozini kwao Bangkok. Pale darajani wapo wanaopewa viza papo hapo, lakini sikutaka kwenda kubahatisha na pasipoti yangu mlangoni kwa watu. Nakushauri nawe uanzie ubalozini. Chumba chenye feni nililipa kwa baht, fedha ya Thailand; Huay Xai wanapokea hiyo na kip ya Laos zote mbili. Ukibadilisha dola mia moja unapewa kip zaidi ya milioni mbili, na noti yao kubwa ni ya laki moja, kwa hiyo tayarisha mfuko.

@Fundi Maji ahsante. Ila Jinghong ni mbali. Wimbi la umeme wa jioni linafikaje kwangu alfajiri ileile?

#6 Fundi Maji

Halifiki alfajiri ileile. Kutoka Jinghong hadi Chiang Saen ni zaidi ya kilomita 300, na Chiang Saen, mji wa upande wa Thailand, iko juu kidogo ya Huay Xai. Ulichokiona asubuhi kilifunguliwa siku moja au mbili kabla. Ndiyo maana wenyeji hawawezi kukisia: kwao maji yanakuja saa yoyote.

Na mfano upo. Januari 2021 China walipunguza maji ya Jinghong karibu nusu kwa wiki kadhaa, wakasema wanatengeneza njia za umeme. Kina cha mto pale Chiang Saen kilishuka kama mita moja. Ikiwa kufunga kunaweza kushusha mita moja, basi kufungua kunaweza kupandisha ngazi tatu.

#7 Mzee wa Nakonde

Vijana, nilipita pale 2009. Wakati huo daraja halikuwepo, lilifunguliwa Desemba 2013. Tulikuwa tunavuka kwa mtumbwi mrefu wenye injini ya mkia, dakika chache tu, na gati analolisema Mwana wa Ujiji ndilo lilikuwa uhamiaji wenyewe. Siku hizi pale wanavuka Wathai na Walao peke yao, mgeni lazima aende darajani, kilomita kama kumi kusini.

Enzi zetu ulilala Chiang Khong, maana ukichelewa mtumbwi wa mwisho basi. Asubuhi unakunywa kahawa unaitazama Laos. Nasema hivi kwa sababu mji wa mpakani unaokulazimisha kulala unaufahamu kuliko ule unaoupita ndani ya basi. Leo gari la kampuni linakuchukua Chiang Rai, linakushusha bandarini, hukujua hata kwamba umebadilisha upande wa barabara. Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, Laos kulia, na magari yanapishana njia palepale darajani.

Kuhusu maji: hata 2009 wavuvi walilalamika mto hauna tabia tena. Ila nao waligawanyika. Mmoja aliniambia ni China, mwingine akaniambia misitu imekatwa, mvua ikinyesha milimani inateremka yote kwa mara moja.

#8 Nyota ya Kunming

Salaam kutoka Yunnan, China, nasoma Kunming mwaka wa tatu. Naomba niseme upande wa huku kidogo, maana kila uzi wa Mekong unaishia kwa China.

Kwanza, mabwawa haya yana hoja ya kwamba kiangazi yanaongeza maji kuliko ya asili, na masika yanapunguza mafuriko. Hilo si uongo, mto wa kiangazi sasa una maji mengi kuliko zamani. Pili, mwaka 2020 watafiti wa Kimarekani walitoa kazi iliyotumia picha za setilaiti wakasema China ilizuia maji wakati wa ukame wa 2019, na China wakaikataa. Tume ya Mto Mekong yenyewe, ambayo makao yake ni Vientiane, mji mkuu wa Laos, ilisema ukame ule ulitokana sana na masika kuchelewa na El Niño. Kwa hiyo si kila kitu ni bwawa.

Tatu, Februari kunaweza kunyesha milimani kwa siku moja ukiwa chini hujui. Mimi nadhani ni mto Nam Tha. Unatoka Luang Namtha, ulijaa, ukamwaga Mekong.

#9 Fundi Maji

Ndugu yangu wa Kunming, hoja mbili za kwanza nazikubali kwa heshima. Ya tatu hapana. Nam Tha unaingia Mekong pale Pak Tha, chini ya Huay Xai. Boti la Mwana wa Ujiji lilipita mdomo wake baada ya kuondoka. Maji yaliyoingia chini hayawezi kurudi kupandisha ngazi za juu, labda yawe mafuriko ya kutisha.

Ukitaka mto wa kulaumu kwa mvua, taja Kok. Huo unatoka jimbo la Shan, Myanmar, unapita Chiang Rai, unaingia Mekong karibu na Chiang Saen, juu ya Huay Xai. Mvua ya Shan ingeweza kufanya hivyo.

Na hiyo ya kuongeza maji kiangazi ndiyo inayomuumiza yule mama wa vitunguu. Bustani zile zipo kwa sababu mto ulikuwa ukishuka pole pole kuanzia Novemba, unaacha udongo wenye rutuba, watu wanapanda kufuata maji. Kwa mamia ya miaka mto haukupanda tena Februari.

#10 Nyota ya Kunming

Nimekubali kwa Nam Tha, ahsante kwa kunirekebisha. Basi naweka kura yangu kwa Kok.

#11 Mama Lulu Muscat

Jamani mnaopita huko mnakula nini? Mume wangu anataka twende na watoto, na mimi nikisoma vyakula vya Laos naona nguruwe kila sahani.

#12 Mwana wa Ujiji

Dada, ni kweli uangalie. Hata khao soi ya Huay Xai si ile ya Chiang Mai ya nazi na kuku. Ya huku ni tambi pana kwenye supu nyepesi, juu wanaweka nyama ya kusaga iliyokaangwa na nyanya na maharage ya soya yaliyochachuliwa, na nyama yenyewe mara nyingi ndiyo hiyo. Mimi nilikula samaki wa kuchoma aliyepakwa chumvi na wali wa kunata, unaletwa ndani ya kikapu kidogo cha mianzi, unafinyanga tonge kwa mkono kama ugali. Asubuhi kuna mikate mirefu ya Kifaransa, wakoloni waliiacha, unawaambia watie yai tu.

#13 Nyota ya Kunming

Mama Lulu, fanyeni hivi: kuleni vizuri Chiang Rai. Pale mjini kuna msikiti wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, wa huku kwetu, mababu zao walikuwa wachuuzi wa misafara ya nyumbu. Chakula halali kiko jirani. Mkivuka, bebeni vya njiani, kwa sababu hata Pakbeng boti linapolala usiku wa pili ni kijiji kidogo.

#14 Kijana wa Kariakoo

Kumbe uzi una mpaka darasa la upishi. Naendelea kusoma. Lakini Fundi, swali: mbona hamjalitaja bwawa la Xayaburi? Hilo liko Laos kwenyewe, megawati 1,285, limeanza kazi Oktoba 2019. Bwawa likijaa maji yanarudi nyuma. Ndilo hilo.

#15 Fundi Maji

Swali zuri, na hesabu zako ni sahihi. Ila Xayaburi iko chini ya Luang Prabang. Ziwa lake linarudi nyuma hadi jirani na Luang Prabang, halifiki Huay Xai, ni mbali mno. Bwawa ambalo lingeweza kuigusa Huay Xai na Chiang Khong kwa namna unayosema ni la Pak Beng, megawati 912, ambalo mkataba wake wa kuuza umeme Thailand ulisainiwa 2023. Wanavijiji wa upande wa Thailand wanaogopa hilohilo, maji kurudi nyuma kuingia mashambani mwao. Likijengwa, mto wa hapo utakuwa kati ya bwawa la juu na bwawa la chini, na uzi kama huu utakuwa mgumu mara mbili.

#16 Mwanafunzi wa Viumbe

Nimechelewa ila naomba nichangie kutoka upande wa samaki, ndiyo fani yangu.

Ng'ambo ya hizo ngazi, Chiang Khong, kuna kijiji cha Hat Khrai. Hao ndio mabingwa wa kuvua kambare mkubwa wa Mekong. Mwaka 2005 walitoa mmoja wa kilo 293, urefu karibu mita 2.7. Samaki huyo hana meno akikua, anakula mimea ya majini, na amekuwa adimu hadi uvuvi wake umezuiwa. Yeye na wenzake husafiri kwenda kutaga wakifuata dalili za mto: maji kupanda, maji kubadilika rangi. Mto ukipanda Februari usiku mmoja na kushuka kesho yake, samaki anadanganywa. Ndege wanaotaga kwenye visiwa vya mchanga nao mayai yanasombwa.

Halafu kuna kai, majani ya kijani yanayoota kwenye mawe ya mtoni wakati maji ni mepesi na safi. Wanawake wa pande zote mbili wanayavuna, wanayakausha na ufuta, Luang Prabang wanayaita kaipen. Kai inahitaji maji yatulie. Maji yakipanda ghafla mwanga haufiki chini, yakishuka ghafla inakauka juu ya jiwe.

#17 Kijana wa Kariakoo

Kilo 293! Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi duniani?

#18 Mwanafunzi wa Viumbe

Alishika rekodi hadi Juni 2022. Wavuvi wa Kambodia walipata samaki aina ya taa wa kilo 300, Mekong hiyohiyo, wakamwachia akiwa hai. Mto mmoja umetoa wote wawili.

#19 Mto Tana

Habari zenu, niko Garsen. Sisi hapa tuko chini ya mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Masinga ikijaa tunatangaziwa redioni tuhame. Hata hivyo maji yakishafika hatukubaliani: wengine wanasema ni bwawa, wengine wanasema ni mvua ya Mlima Kenya na Aberdare ambayo ingekuja hata bila bwawa. Kwa hiyo yule mama wa Huay Xai namwelewa. Swali langu kwa mleta uzi: alipewa habari yoyote kabla? Kuna redio, simu, king'ora?

#20 Mwana wa Ujiji

Ndugu wa Garsen, nilimuuliza kupitia kijana wa gesti. Alisema hapana, anaangalia mwenyewe kila alfajiri. Ana fimbo ameichomeka mchangani. Maneno yake yalikuwa machache, akaendelea kung'oa. Nikamsaidia kubeba mafungu mawili hadi barabarani.

#21 Fundi Maji

Zamani China ilikuwa inatoa takwimu za maji kipindi cha masika tu. Mwishoni mwa 2020 ilikubali kutoa mwaka mzima, na Tume ya Mekong inaweka vipimo vya Chiang Saen hadharani. Taarifa ipo Vientiane. Kutoka Vientiane hadi kwenye fimbo ya mama yule ndiko kuna shimo.

#22 Mzee wa Nakonde

Mmesahau mtu mmoja. Chiang Khong ina mwalimu mstaafu, Niwat Roykaew, wanamwita Kru Thi. Yeye na kundi lake la kuipenda Chiang Khong walipinga kwa miaka mradi wa kulipua miamba ya Khon Pi Luang ili meli kubwa za mizigo kutoka China zipite. Februari 2020 serikali ya Thailand ikaufuta mradi. 2022 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wakati mnajadili Kunming na Vientiane, mjue mji huo mdogo una watu wanaoupima mto kila siku na kuusemea.

Na hapo nawapa sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja: meli. Wavuvi waliniambia maji hufunguliwa ili meli za shehena zilizokwama kwenye mchanga zipate kina cha kufika Chiang Saen. Si umeme peke yake.

#23 Nyota ya Kunming

Hiyo ya meli hata mimi nimeisikia huku. Naongeza tahadhari kwa watakaokwenda: 2025 mto Kok na mto Sai zilikutwa na sumu ya aseniki, migodi ya jimbo la Shan ikatajwa kuwa chanzo, na Thailand wakawaambia watu wasiyatumie maji hayo. Yote mawili yanaishia Mekong juu ya Huay Xai. Msiogelee pale kwa sababu tu maji yanapendeza.

#24 Bi Mkwaja

Nimefuatilia tangu mwanzo. Nimekubali si bahari. Lakini yule mzee wa nyavu mmemruka wote. Naga wake ni nani?

#25 Mwana wa Ujiji

Bi Mkwaja, alinieleza kwa ishara na kijana akatafsiri. Naga ndiye mlinzi wa mto, ngazi za mahekalu yao zina sanamu zake pande zote mbili, hata ngazi za hekalu la kilimani pale Huay Xai. Mzee alisema zamani Naga alipanda na kushuka kwa majira na watu walimjua. Sasa anageuka geuka usiku kwa sababu hapewi nafasi ya kulala. Nilimuuliza ni nani anayemnyima usingizi. Akanyoosha mkono kuelekea kaskazini.

#26 Fundi Maji

Basi mzee na mama wa gesti wamesema kitu kimoja.

#27 Nyota ya Kunming

Au alikuwa anaonyesha mlima ulikonyesha mvua. Kaskazini ni kaskazini 😀

Wadau, mwezi ujao nina likizo. Nachukua treni hadi Boten, mpakani mwa China na Laos, nateremka kwa gari hadi Huay Xai, na nitalala siku tatu badala ya moja. Nitapima maji jioni na alfajiri, na nitaandika hapa pamoja na vipimo vya Chiang Saen vya siku hizohizo na mvua ya Chiang Rai. Mwana wa Ujiji, nielekeze ngazi zenyewe nisije nikapima nyingine.

#28 Mwana wa Ujiji

Ukitoka barabara kuu kuna njia inayoteremka kwenda gati la zamani. Simama juu uutazame mto, pete iko mkono wa kushoto, ina kutu, na zege lake limepasuka pembeni. Bustani ya mama iko hatua kama hamsini kusini yake. Fimbo yake ina kitambaa chekundu, usiiguse.